Bibi Aliyemwoa Mama

Chuo kikuu nilisoma falsafa, nikachekwa Kitui nzima. Nilipogeukia kuandika programu za kompyuta, watu wakasema afadhali, sasa amepona. Sikuwaambia kwamba kazi ni ile ile: unaulizwa kitu fulani ni nini hasa, na huna pa kukwepea. Kompyuta haikubali "si unajua tu vile mambo yalivyo."

Kanisa letu la Matinyani lilitaka programu ya kuandikisha familia zitakazochota maji kwenye tangi jipya. Kamati ikanieleza familia ni nini: baba, mama na watoto wao. Nikauliza, na boma letu je? Wote walilijua. Susu, yaani nyanya yangu, hakujaliwa kuzaa. Mumewe alipofariki alitoa ng'ombe na mbuzi akamwoa mama yangu, kama mila yetu sisi Wakamba inavyoruhusu, ili mama azae watoto kwa jina lake na boma lisife. Watoto wenyewe ni sisi. Aliyelipa mahari ni Susu, kwa hivyo sisi ni wake.

Mwenyekiti akakohoa. "Hayo ya kitambo tusiyalete kanisani."

Nilibishana nao mpaka chai ikapoa. Hoja zote za darasani nilizitoa, na hakuna hata moja iliyowatikisa. Hasira ilinipanda, lakini niliporudi nyumbani, Susu mwenyewe ndiye aliyenizima.

"Andika wanavyotaka, mwanangu," akasema. "Kwani hiyo kompyuta ndiyo iliyotoa ng'ombe? Mimi nataka maji."

Basi nikamwandika: mjane, hana watoto. Mama na sisi tukawa familia nyingine, ingawa tulilala boma moja na kula sufuria moja. Programu ikapokea yote bila kulalamika, na Susu akapata maji yake. Najuta mpaka leo kwamba nilimsikiliza.

Mwaka jana alifariki. Mchungaji alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu juzijuzi, na alichojua juu ya marehemu alikitoa kwenye ile programu. Kwetu, watoto ndio hutangulia kumwaga mchanga kaburini. Yeye akasema kwa upole kabisa, "Kwa kuwa mama huyu hakuacha mtoto, majirani watangulie."

Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono, akanong'ona kwamba kaburini hakubishaniwi. Tukapanga foleni nyuma ya majirani.