Sare Nyeusi za Fundi

Fundi alishona nguo miaka arobaini kwenye kibaraza chake, na mtaani hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kwa hiyo miguu ilipomvimba hadi viatu vikamkataa, na ngazi tatu za kibaraza zikamtoa pumzi kama kapanda mlima, mkewe hakumwuliza. Alimburuta hospitali.

Huko alilazwa kwa ubavu, akapakwa jeli ya baridi kifuani, na mpimaji, mama mmoja mwenye miwani, akautazama moyo wake ukihangaika kwenye kioo cha mashine. Baadaye daktari akampa majibu: moyo umetanuka, kila ukipiga unasukuma asilimia ishirini na mbili tu ya damu iliyomo. Wenye kipimo kama hicho, wengi hulazwa tena ndani ya mwaka, na baadhi hawaumalizi.

"Na mimi ni wa wengi au wa baadhi?" Fundi akauliza.

"Kipimo hakijui hilo, mzee. Kunywa dawa, punguza chumvi, rudi baada ya miezi sita."

Maneno hayo hayakufika nyumbani. Kilichofika ni namba. Shemeji yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaisahihisha papo hapo: "Ishirini na mbili kwa mia. Kafeli."

Tangu siku hiyo ukoo ukawa unanong'ona mbele yake kama amelala, ilhali ameketi anakula. Binamu mmoja akaomba akae na cherehani, eti isije ikapata kutu.

Wiki ya tatu dada yake mkubwa akaja na jora la kitambaa cheusi.

"Tushonee sare, kaka. Tuko wanawake kumi na mmoja."

"Za shughuli gani?"

Dada akaangalia ukuta. "Shughuli tu."

"Ya lini?"

"Tarehe bado. Ila haitavuka mwaka."

Mkewe alisimama amfukuze wifi yake, Fundi akamshika mkono. Hasira hakuwa nazo. Kilichomkera ni kwamba dada alichagua mshono wa mabega mapana, uliokwisha kupitwa na wakati. Akawapima wote, akashona pole pole kila alipojisikia nafuu, akameza vidonge vyake, akala mboga zisizo na chumvi kwa uso wa mtu anayetafuna gazeti.

Miezi sita ilipotimia Mwalimu akamsindikiza, akashuhudie mwenyewe. Kipimo kikasoma thelathini na nane. Miguu nayo ilikwisha kunywea.

"Bado kafeli," Mwalimu akasema.

Yule mpimaji akashusha miwani. "Moyo mzima kabisa hupata kama sitini, Mwalimu. Mia hapati mtu, hata wewe."

Walipofika nyumbani Mwalimu akakiri kwamba alikosea hesabu, jambo ambalo dada yake, mke wa Fundi, hakuwahi kulisikia tangu utoto.

Sare zikabaki zimekunjwa, hakuna aliyethubutu kusema zilikuwa za nini. Mwishowe, kwa kuona aibu kuzitupa, wanawake wale kumi na mmoja wakazivaa kwenye mahafali ya mjukuu wa Fundi, wakakaa mstari mmoja, weusi tii. Wageni waliopita wakawa wanawapa pole. Fundi, aliyekuwa amepumzika mara mbili njiani kabla ya kufika ukumbini, alikaa katikati yao akizipokea pole zote kwa niaba ya ukoo.