Faili Kubwa Kutoka Ekerenyo

Kazi yangu ni kutunza sauti za akina mama wazee wa Kisii na Nyamira: nyimbo za kubembeleza watoto, za palizi, za harusi, zote kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Tunazihifadhi kwenye seva pepe, yaani kompyuta tunayokodi mtandaoni bila hata kujua iko nchi gani. Asubuhi moja, nikiwa ofisini mjini Kisii, niliamua kupandisha toleo la mfumo wake papo hapo, bila kuhamisha kitu. Toleo la zamani lilikuwa limeachwa na waliolitengeneza, na sikutaka wadukuzi wanitangulie.

Seva ilijikagua kwa muda, kisha ikakataa. Diski haikuwa na nafasi ya kutosha. Nilishukuru kwamba imekataa kabla ya kuanza, maana ingekwama katikati ningebaki na mashine isiyowaka. Nikafuta mafaili ya muda na masalio ya matoleo ya nyuma, nikajaribu tena. Bado. Basi nikayapanga mafaili kwa ukubwa, na juu kabisa likatokea moja lililoyazidi mengine yote kwa mbali.

Lilitoka Ekerenyo, upande wa Nyamira, kwa mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Mke ndiye aliyetuimbia. Nilipolifungua nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiaga, mlango ukifungwa, kisha kuku. Kumbe kinasa sauti nilichokisahau dirishani siku ile ya kurekodi kiliendelea kunasa mpaka nilipokirudia. Nikazima hapo hapo. Maneno ya watu nyumbani kwao si yangu kuyasikiliza, wala kuyafuta bila kuwauliza. Nikampigia simu yule mama, nikamweleza kuhusu sauti hiyo.

"Futa tu, mwanangu," akasema. Kisha akasita. "Hebu ngoja. Njoo nayo kwanza, tusikie."

Jumapili nilifika kwao kwa boda boda, matope hadi magotini. Mama alikuwa akimenya ndizi, mwalimu ameketi karibu na redio iliyozimwa. Nikaweka kompyuta mezani, nikabonyeza.

Tulisikia masufuria. Tulisikia mama akisema anashuka kuchuma majani chai, mwalimu akimwambia aache leo, naye akijibu kwamba majani hayamngoji mtu. Mlango ukafungwa. Kimya kikawa kirefu, nikataka kuruka mbele. Ndipo ikaja sauti ya mwalimu, ya chini, akiwa peke yake.

"Mungu, yale magoti yake. Anafikiri sioni. Nifundishe namna ya kumwambia apumzike bila kumuudhi."

Mwalimu akainuka. "Zima hiyo mashine."

"Iache," mama akasema. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye ganda. "Kwa hiyo ulikuwa unaona."

"Nina macho."

"Na badala ya kuniambia mimi, ukamwambia Mungu."

"Wewe unakasirika haraka kumliko."

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini na kujifuta macho kwa leso. Mwalimu alikuwa akitazama nje, lakini niliona mashavu yake yamelegea kwa tabasamu. Mimi sikujua niangalie wapi, nikanywa chai.

"Niwekee kwenye simu yangu," mama aliniambia baadaye. "Huko kwenu ifute. Hii si ya ulimwengu."

Nikafanya hivyo. Jumatatu nililifuta lile faili, nikaagiza seva ianze upya kujipandisha toleo, na safari hii haikulalamika. Ilijizima na kuwaka, nami nikakagua nyimbo moja moja. Hakuna iliyopotea.

Siku chache baadaye mwalimu alinipigia. Walikuwa wamekwenda hospitalini, mama akapewa dawa na mazoezi ya miguu. Sasa yeye mwalimu ndiye aliyekuwa akishuka shambani na kikapu mgongoni.

"Ninachuma vizuri tu," akasema.

"Anachuma mpaka matawi!" mama alipaza sauti nyuma yake.