Nyota Moja kwa Purini ya Unaisi

Mimi sina ugomvi na watu wa semina. Waje, wanywe chai yetu, watuandike majina, waende zao. Ila yule Sakaraia na viatu vyake vya ncha, huyo nina ugomvi naye mpaka leo, na mkinisikiliza mtaniunga mkono.

Naitwa Taraivini. Nauza majimbi na mihogo soko la Sigatoka, meza ya tatu kutoka lango la stendi ya mabasi. Meza ya nne ni ya Unaisi, na Unaisi anauza purini. Unga, tui la nazi, sukari anayoiunguza mwenyewe mpaka iwe nyeusi, vyote anavipakia kwenye makopo ya maziwa na kuvipika kwa mvuke saa mbili nzima. Miaka ishirini na sita anapika hivyo hivyo. Kutangaza hajui. Mteja akimuuliza, "Mama, ni tamu?" anajibu, "Sijui, onja." Basi, biashara imeisha hapo. Ni mpole mpaka unatamani kumfinya.

Ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Etuate, alikwenda Australia kuchuma zabibu kwa miezi saba. Huu ni mwaka wa sita. Tunamwona kwenye simu, amenenepa, nyuma yake kuna friji kubwa kuliko jiko la mama yake. Mdogo ni Waisake, ndiye aliyebaki, yeye na mkewe na kibinti chao cha miaka miwili kinacholala na bibi yake kila siku. Mwaka huu Waisake naye akaja na fomu nyumbani. Kuchuma tufaha, miezi tisa. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, na kila Unaisi alipotaka kikombe akawa anaiona.

Mbele ya mwanawe hakulia. Alikuja kulia kwangu, nyuma ya mafungu ya majimbi. "Taraivini, huyu naye akienda nitabaki kuwa bibi wa simu."

Na Waisake si mtoto mbaya, msimlaumu. Alimwambia mama yake wazi: ile hoteli mpya ya ufukweni inatafuta mtu wa kuwapelekea purini kila Jumapili, sahani mia mbili. "Ukiipata hoteli, mama, kazi inatutosha wote. Sitakwenda popote. Lakini fomu mwisho ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nami siwezi kukaa na mtoto mkononi nikisubiri bahati."

Ndipo akatua Sakaraia kutoka Suva, katumwa na mradi sijui gani, kutupa ushauri wa masoko sisi wafanyabiashara wadogo. Tulijazana ukumbi wa halmashauri siku mbili. Akasimama mbele na picha zake ukutani, akatuuliza biashara zetu zina hadithi gani. Mzee mmoja muuza kamba wa mtoni akasema, "Hadithi gani, bwana? Mimi nauza kamba." Akaambiwa hajafunguka.

Akanigeukia mimi. "Mama, mihogo yako inamwambia nini mteja?"

"Siku ikisema kitu, mwanangu, mimi nakimbia na soko linafungwa."

Watu wakacheka, yeye akaandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani aliandika kwamba mimi ni mgumu kuelewa.

Lakini kwa Unaisi alikuwa na dawa kabisa. "Nyota, mama! Siku hizi hoteli haionji, inasoma. Mpishi mkuu wao mpya, Bwana Doyle, anafungua simu, anaangalia wateja wamekupa nyota ngapi na wameandika nini. Chini ya nne hakuiti. Kwa hiyo nenda kwa wateja wanaokupenda kuliko wote, waambie waandike kutoka moyoni."

Unaisi akauliza taratibu, "Wanaonipenda kuliko wote?"

"Hao hao."

Sasa nyie niambieni. Hapa sokoni hata paka anajua nani anampenda Unaisi kuliko wote. Ni watu wa Waikeva. Unaisi ni wa Nasaubuli, Waikeva ni ng'ambo ya mto, na vijiji hivyo viwili ni watani tangu mababu, asili yao moja. Mtu wa Waikeva akikukuta unaoga atakuchukulia nguo. Akija kwako atachukua kuku bila kuomba, na wewe kesho utachukua mkeka wake. Na matusi, he! Matusi ndiyo salamu. Mkubwa wao ni mzee Apisalome, dereva wa basi mstaafu, mjane, anayeshuka pale stendi kila asubuhi akipiga kelele tangu mlangoni.

"We kikongwe wa Nasaubuli, bado hujafa tu? Hebu nikatie hicho kipande cha saruji!"

"Toa meno kwanza uyaweke mfukoni, nisije nikalipishwa."

"Meno gani? Yalibaki kwenye purini ya wiki iliyopita!"

Kisha anakaa, anakula vipande vitatu, anasema hajawahi kuona uchafu kama ule, anakwenda zake. Kila siku ya Mungu.

Na Sakaraia naye ni mtu wa visiwa hivi hivi, si kwamba hajui utani. Bibi yake mzaa mama bila shaka amewahi kusukumwa mtoni na mtani wake akiwa na gauni la kanisani. Lakini katika zile picha zake za ukutani hapakuwa na picha ya watani, basi kwake watani hawapo.

Waisake akamfungulia mama yake ukurasa kwenye simu, akapeleka maombi hotelini, na Unaisi akawaomba watu wa Waikeva waandike. Lo! Waliandika jamani. Vijana wa kwaya walikaa na simu zao, wakawaandikia na wazee wasiojua kubonyeza. Siku mbili, watu arobaini na mmoja, na kila mmoja nyota moja.

"Nimempa moja kwa sababu sifuri nimeitafuta sikuiona."

"Nilinunua vipande sita nikajengea ngazi ya mlango. Imara sana."

"Mbwa wangu alionja. Tangu siku ile anakwenda kanisani."

"Mbaya mno. Nimekula vitano nipate uhakika. Kesho narudi kuhakikisha tena."

Unaisi alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia langu. Nami nilicheka, siwezi kusema uongo. Tulikuwa bado tunafuta machozi Waisake alipofika, amekunja uso. "Mama, ni nyota moja na nukta. Hoteli wamejibu. Wanashukuru, lakini hawataendelea."

Kicheko kikatukauka. Sakaraia naye akaja na viatu vyake, anatweta. "Mama, una maadui! Hawa watu wamepanga kukumaliza!"

Nikamwambia, "Maadui? Kile kimbunga kilipong'oa bati za nyumba yake, hao maadui ndio waliolala kwake siku tisa wakipaua upya. Wewe na mradi wako mlikuwa wapi?"

Akasema tuache hisia, tuzungumzie takwimu.

Ilikuwa Jumatano. Jioni hiyo hiyo Unaisi akachukua fungu la mizizi ya kava, ile tunayopeleka kwa wakubwa tukiwa na ombi, akavuka mto, nami nikamsindikiza. Akaketi chini kwa adabu mbele ya Apisalome na wenzake, akaweka mizizi mkekani, akainamisha kichwa. Wale wazee wakatazamana. Mtani wa Nasaubuli kuja kwa adabu!

"Naomba mnisifu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Apisalome akasogea, akamtazama machoni. "Unaisi, unaumwa nini?"

"Siumwi. Ni Waisake. Anakwenda."

Akawaeleza yote, ya fomu, ya hoteli, ya nyota nne. Apisalome akasema, "Kwa mtoto, sawa. Ila sisi kazi hiyo hatuna uzoefu nayo."

Na kweli hawakuwa nao. Maana kwetu mtani anakusema vizuri siku moja tu, siku umelala katikati ya nyumba na mikeka imetandikwa. Sifa nyingine hawakuwahi kufundishwa. Wakafuta yale matusi, wakaandika sifa wanazozijua. Ijumaa ilipofika kulikuwa na nyota tano tano kurasa nzima: "Mama wa wote. Hakuna atakayepika kama yeye." "Tulimkosea mara nyingi, atusamehe." "Mungu awape nguvu watoto wake." Na Apisalome, kwa mkono wa mjukuu wake: "Unaisi wa Nasaubuli ni mwanamke mwema. Alimlisha mke wangu alipokuwa hawezi kumeza kitu kingine. Purini yake ndiyo chakula cha mwisho alichoomba. Sijawahi kumshukuru. Mungu amlipe."

Sakaraia akashangilia. "Nne na nukta sita, mama! Mnaona nguvu ya hadithi?"

Tulichoona sisi ni Jumamosi asubuhi. Ndugu wa Unaisi walioko Nadi, Lautoka na Ba walikuwa wamesoma. Watu wa Waikeva wanamsifu Unaisi? Wote kwa pamoja? Basi msiba. Walipiga simu, na simu ya Unaisi ilikuwa imeishiwa chaji tangu Ijumaa mchana kwa jinsi ilivyopigwa. Wakakodi magari. Saa tatu asubuhi yakaingia stendi malori mawili na basi dogo, wanawake wamevaa nyeusi, mikeka imeviringishwa mabegani, dumu la mafuta ya taa, na mjomba mtu mzima kashika jino la nyangumi la kutoa msibani kwa mikono miwili, analia.

Wakamkuta marehemu anakata purini.

"Unaisi!" shangazi yake akapiga ukelele. "Umefufuka?"

"Shangazi, mbona mmevaa hivyo? Nani kafa?"

"Wewe!"

Mnaweza kufikiri ilivyokuwa. Wengine wanacheka, wengine wanaendelea kulia kwa sababu walikuwa wameshaanza, na mjomba amekasirika kweli kweli, jino la nyangumi halirudishwi nyumbani hivi hivi. Watu wa Waikeva waliposikia wakavuka mto mbio waje wasikose, na walipoona ile mikeka, ile adabu yote ya wiki ikawatoka. "Mnaona? Purini yake imemuua mwenyewe!" Wakatandika mikeka palepale kati ya meza, wakakaa, wakaanza kumzika Unaisi kwa matusi huku wakila makopo yote aliyopika.

Katikati ya vurugu hiyo akaingia Bwana Doyle wa hotelini, mwekundu kwa jua, na Sakaraia nyuma yake anatoka jasho. Kumbe nyota zikitoka moja hadi tano kwa siku tatu, mtu mwenye akili anashuku wizi. Alikuja kuona kwa macho yake. Unaisi alipomtambua akakata tamaa, nilimwona anashika ukingo wa meza.

Doyle akaangaza huku na huku, kisha akamchagua mzee mwenye heshima kuliko wote pale mkekani. Alikuwa Apisalome. Akamuuliza hiki chakula kikoje.

Nikaomba kimoyomoyo. Sema vizuri, mzee, kwa mara moja tu. Lakini watani wake wote walikuwa wanamtazama, na shangazi wa Nasaubuli kainua kidole tayari kumzomea. Mzee wa watu afanye nini?

"Kibaya kabisa," akasema. "Tangu nizaliwe sijala kitu kibaya kama hiki."

Sakaraia akafumba macho. Doyle akasogea karibu. Alikuwa anaangalia sahani nne tupu zilizopangwa mbele ya yule mzee, na mkono wake uliokuwa unavuta ya tano kutoka kwa jirani. Akainama, akachukua kipande kwenye kopo la mwisho, akala amesimama. Akala cha pili. Kisha akamwambia Unaisi kwamba Jumapili inayofuata angetaka sahani mia mbili na hamsini, na je, wale waombolezaji wanakuja nazo?

Waisake hakuichana ile fomu. Aliikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza ya mama yake uliokuwa unayumba. Ipo pale mpaka leo, njooni muione.

Naye Sakaraia? Nasikia anatembea na picha mpya ya ukutani, Unaisi katikati ya mikeka, na chini yake: Hatua ya nne, mfanye mteja aogope kukupoteza. Wanamlipa kwa hilo. Wafanyabiashara wa Labasa wameanza kuulizana ni nani afe kwanza.

Jumatatu Apisalome akashuka basi kama kawaida, akatukana tangu mlangoni, akakaa. Unaisi akamkatia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hoteli wameshakubali. Waambie watu wako wafute zile sifa, zisije zikatuletea watu wa mikeka tena."

Apisalome akatafuna. "Watafuta."

"Na yako."

"Yangu iache."

"Ya nini tena?"

"Mimi sikuandika kwa ajili ya hoteli." Akasimama, akajipangusa mdomo. "Na hii ya leo mbichi, we mchawi." Akaenda zake bila kuaga.

Unaisi aligeukia ukuta muda mrefu, nami nikajifanya napanga mihogo. Kisha akamwita Waisake alete simu, aandike jibu chini ya maneno ya yule mzee. Mimi nililisikia akilitamka, neno kwa neno.

"Mwongo mkubwa. Mkeo aliomba vipande viwili. Cha pili ulikula wewe."