Baridi ya Kuazima kwa Sitwayen Mpoyi

Kitenge aliletwa Kindu na reli, akiwa fundi wa mabehewa, na kama wengi walioletwa na reli, alisahau kurudi kwao. Sifa yake mjini hata hivyo haikutokana na mabehewa. Ilitokana na frigo za petroli, yaani majokofu ya mafuta ya taa. Frigo hizo hazina mota. Nyuma zina mabomba yaliyofungwa kabisa, yenye dawa kali ndani. Ukiwasha taa chini, juu panaganda. Kitenge alipenda kusema kwamba Chama nacho ni vilevile: wa chini wanaungua, wa juu wanapoa. Alimwambia mkewe tu, tena mlango ukiwa umefungwa.

Mkewe, Ndaya, ndiye aliyelisha nyumba. Mshahara wa reli ulikuja ulipojisikia, lakini bia ya Ndaya, aliyoiuza uani, ilikuwa baridi kuliko zote mtaani, kwa kuwa alikuwa na frigo nzima.

Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwagawia wananchi waliokaa karibu na sahani, Sitwayen Mpoyi, mkubwa wa Chama mtaani, alipata duka la Mreno mmoja. (Wakati ule kila mtu alikuwa Sitwayen, yaani raia; neno “bwana” lilikuwa limeachishwa kazi.) Haukupita muda, duka likabaki rafu. Kilichosalia ni gari-nyumba la yule Mreno, lenye kitanda, jiko na frigo. Mpoyi akatangaza kwamba mjumbe wa kutoka Kinshasa atalala humo, akinywa bia baridi na kutazama mto Lualaba.

Kitenge akaitwa. Alipofungua kifuniko cha nyuma ya gari, harufu ya amonia ilimpiga puani, machozi yakamtiririka.

“Unamulilia nani?” Mpoyi akauliza.

“Frigo, Sitwayen. Imekufa. Bomba limetoboka.”

Akafungua skrubu, akakata gundi, akavuta mabomba yote nje. Nyuma ya frigo likabaki tundu tupu.

“Mabomba mengine ya namna hii hakuna mujini,” akasema.

“Iko. Frigo ya bibi yako ilitoka duka hili hili. Ninakunywaka kwake kila siku, sijui? Towa yake, weka hapa. Mujumbe asipopata baridi, utaenda kutengeneza frigo kule Punia, katika pori.”

Kitenge alifika nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba yai la moto.

“Baba Mbombo,” Ndaya akasema, “hii frigo ndjo mume wangu wa kwanza. Wewe uko wa pili.”

“Mama Mbombo, Punia ni mbali.”

“Lile tundu liko kubwa namna gani?”

“Muntu anapitisha mukono mpaka bega.”

Ndaya akautazama mkono wake mnene, wenye bangili ya shaba. “Basi,” akasema.

Kitenge akaziba tundu kwa kipande cha bati cheupe chenye bawaba, akamwambia Mpoyi kazi imekwisha. Mjumbe, Sitwayen Banza, akapokewa kwa ngoma na wachezaji waliolowa jasho ndani ya vitambaa vya Chama. Mpoyi akafungua frigo kwa mkono wake mwenyewe. Chupa nazo zilitoa jasho. Watu wakapiga makofi.

Tatizo, Banza alikunywa kuliko walivyokadiria. Ndaya akafunga biashara yake, akawa anapita nyuma ya gari na ndoo ya chupa baridi, akizipenyeza tunduni, Kitenge akilinda mgongo. Kesho yake mchana, mkono wa Ndaya ukiwa umo hadi bega, mlango wa frigo ukalia kwa ndani. Ndaya akaganda. Kitenge akaiona Punia yote, pamoja na mvua yake.

Kisha sauti ikatoka ndani ya gari, taratibu:

“Mama, frigo za Kinshasa hazinaka mukono.”

“Ziko na nini, Papa?” Ndaya akajibu, kwa kuwa kukimbia kulikuwa kumeshapitwa na wakati.

“Mota. Na hazigandishi.” Chupa ikachukuliwa mkononi mwake. “Karanga iko?”

“Iko.”

“Lete. Na chumvi.”

Siku ya kuondoka Banza alihutubia uwanjani. Aliwapongeza watu wa Kindu, na hasa Sitwayen Mpoyi, kwa frigo ambayo, alisema, hajaona mfano wake katika jamhuri nzima. Mpoyi akavimba hadi vifungo vya koti lake la abakosti vikalalamika.

Jioni akaja kwa Ndaya kama kawaida, akaketi, akafunguliwa chupa. Alikunywa nusu, akaacha kunywa. Akaishika shingo ya chupa. Akaitazama frigo pembeni, taa yake ikiwaka chini, kisha akamtazama Kitenge.

“Iko baridi,” akasema.

“Iko, Sitwayen.”

Nje watu walikuwa bado wanapita wakimsalimia Mpoyi kwa ile hotuba, mmoja akimwita baba wa baridi. Akawapungia mkono, akamaliza chupa.

“Mama Mbombo,” akasema, “ongeza ingine.”