Sista Subi na uji wa mzee wa kitanda cha sita

Nimeandika "marehemu" mbele ya jina la Sista Subi, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Akili imegoma kabisa jamani.

Jumatatu tulikabidhiana zamu akinitania kwamba nimenenepa tangu niolewe. Jumanne presha ikampanda. Ijumaa tumemzika kwao Kinyala, mvua inanyesha na kwaya yake inaimba bila yeye.

Kwa msiomjua, Sista Subilaga ndiye alikuwa in-charge wa wodi ya wanaume nilikopangiwa nilipoanza unesi. Mfupi, mnene kiasi, kicheko kikubwa kuliko yeye. Ukikisikia ukiwa bado getini, ujue umeshachelewa kazini.

Alikuwa na tabia moja iliyotuchosha. Akikupa kazi, lazima uirudie kwa mdomo wako. Awe mhudumu, awe mwanafunzi, awe daktari mgeni, ataulizwa tu, "Nimekuagiza nini?"

Hata kwenye send-off ya mdogo wangu alinituma soda za meza yao, akaniuliza hivyohivyo mbele ya wakwe. Nikazitaja zote saba kama mtoto wa chekechea. Meza nzima ilicheka.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "nimeshamwambia." Ukimjibu hivyo, anakuacha umesimama hapo, anakwenda kuangalia mwenyewe.

Sasa niseme la moyoni. Nimelibeba miaka mingi na limenilemea.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na mzee mmoja kitanda cha sita. Kisukari, halafu amepooza upande wa kulia, hawezi kushika hata kikombe. Asubuhi hiyo wagonjwa walikuwa wengi, nesi tuko wawili. Nikamchoma mzee sindano yake ya insulini, na baada ya hapo lazima ale, la sivyo sukari inashuka vibaya.

Pembeni alisimama mama mmoja na chupa ya uji. Nikamwambia amlishe mzee ndani ya nusu saa. Akaitikia, "Ndiyo sista." Nikaenda kwa wagonjwa wengine, roho yangu safi.

Sikumuuliza yeye ni nani kwa mzee. Alikuwa mke wa mtoto wake.

Mimi ni Mnyakyusa, nilipaswa kujua. Kwetu mwanamke hamkaribii baba mkwe wake, hamwangalii usoni, sembuse kumlisha kijiko kwa kijiko. Wa mjini tumeshazoea kulegeza, ila yule mama alilelewa kwa mila hiyo. Kunikatalia nesi aliona aibu, na kumsogelea mkwewe hakuweza. Akaiweka chupa kwenye stuli, akatoka nje kumsubiri mumewe aje alishe. Mumewe alikuwa njiani kutoka Kisondela, na bodaboda imekwama kwenye tope.

Sista Subi ndiye aliyemkuta. Mzee amelowa jasho, anaitwa haitiki, uji uko palepale haujafunguliwa. Sijawahi kumwona mtu mnene akikimbia vile. Akapima sukari, akamwekea glukosi ya mshipani, muda wote anamwita kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anamwamsha baba yake.

Mzee alipofumbua macho akamwambia, "Ndaga fijo." Ahsante sana.

Nilijaribu kumlaumu yule mama. Nikalitamka lile neno, kwamba nilishamwambia. Sista Subi hakunipandishia sauti. Alinishika bega akasema, "Kazi ulimpa yeye. Mgonjwa alibaki wako."

Kisha akatoka nje kwa yule mama aliyekuwa analia, akakaa naye kwenye benchi, akamwambia hana kosa.

Kikao kiliitwa. Nilijua wataniandika, na kwa mtu mwenye mwaka mmoja kazini nilijiona nimeshakwisha. Kabla sijafungua mdomo, Sista Subi akasimama akasema wodi ilikuwa chini yake, na nesi mgeni alipaswa kusimamiwa na yeye. Kama kuna wa kuandikwa, aandikwe yeye.

Akapewa barua ya onyo. Akaikunja, akaitia kwenye pochi, akarudi wodini kugawa dawa.

Nilimfuata nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Ukiandikwa sasa utaanza kuwaogopa wagonjwa. Mimi siwaogopi tena."

Tangu siku ile, mtu akimsimamia mgonjwa wangu, kwanza namuuliza ni nani wake. Kisha nauliza kama ataweza, tena naulizia pembeni, maana kwetu mtu anaweza kuitikia ndiyo kwa heshima tu. Halafu narudi kuangalia. Vijana wangu wodini wananiona msumbufu, na wananisema. Waacheni waseme.

Lakini juzi msibani nilikuwa namenya ndizi na kina mama, mmoja akasema Sista Subi alikuwa mtu mwema sana, ila kuna mwaka alimsahau mzee wa watu nusura afe. Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Kumbe ndivyo watu walivyoielewa ile barua, na miaka yote hii hakuwahi kuwasahihisha hata mara moja.

Na mimi pale nikanyamaza. Nimemenya ndizi mpaka zikaisha. Nimeona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Kwa hiyo nasema hapa, wote msome. Wanafunzi wangu wasome, viongozi wangu wasome, na ndugu wa yule mzee popote mlipo. Sista Subi hakumsahau mtu. Aliyemwacha mzee bila kurudi kumwangalia ni mimi. Yeye ndiye aliyemwokoa, akaniokoa na mimi.

Dada yangu, nisamehe nimechelewa. Nilipaswa kulisema ukiwa unasikia.

Lala salama, Subilaga. Kosa lile ni langu, nimelichukua.