Bibi, Kisima na Wasichana wa Marekani

Wiki iliyopita kitana kilinidondoka mkononi. Nilikuwa nasuka, hapa Kalangalala, Geita, ambako ndiko ninakotafutia riziki tangu nilipoacha shule. Mteja wangu alikuja na binti yake wa miaka kama sita hivi. Mlangoni akapita bibi mmoja na beseni la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaenda zake. Kale kabinti kakamsindikiza kwa macho, kakasema taratibu, kama anayesoma kibao cha duka, "Mama, yule bibi ana macho ya mchawi." Mama yake akacheka. Mimi sikuweza. Na wewe unanijua, huwa nacheka hata pasipochekesha.

Nililelewa na bibi yangu, kijijini kwetu upande wa Shinyanga. Kule miti ni ya kutafuta, kwa hiyo tulipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kuyaokota ndiyo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule, na usinionee huruma, niliipenda, maana nilikuwa naimba njia nzima. Moshi wake lakini ni mzito, unaingia machoni na hautaki kutoka. Bibi alikuwa amepika katika moshi huo tangu aolewe, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi. Tulikula ugali wa mtama na maziwa mgando, na ukoko wa chunguni ulikuwa wangu. Hakuna mjukuu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Alfajiri Bibi alikuwa na desturi ya wazee wetu. Alichota maji kwa kata, akachanganya na unga kidogo, akanyunyiza kizingitini huku akiwaita marehemu wake kwa majina. Aliwapa habari za nyumbani tu. Ng'ombe amezaa. Mvua imechelewa. Huyu mtoto jana kajikata kidole. Nilimsikia nikiwa kitandani, nikajifunika vizuri, nikalala tena. Hakuna sauti iliyowahi kunibembeleza kama ile.

Sasa kisimani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na sisi wadogo tulisukumwa nyuma kila siku. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, niligundua kuwa mwenye hadithi hupishwa. Nikasema, "Bibi yangu anaongea na watu wasioonekana." Wasichana wakasogea. Nikaona hiyo haitoshi, nikaongeza, "Na wao wanamjibu."

"Wanamjibu kwa sauti gani?" akauliza msichana mmoja mkubwa.

"Nzito," nikasema. "Za kiume."

Wakanipisha. Ndoo yangu ilijaa ya kwanza siku hiyo, na nilirudi nyumbani nikiringa.

Haukupita muda mrefu, mtoto mchanga wa jirani yetu akafariki kwa homa. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akija kwetu kuomba moto na chumvi, na kukaa akisahau alichofuata. Baada ya msiba hakuja tena. Tukimsalimia, anaangalia miguu yake. Mimi nilidhani ni uchungu wa mtoto tu.

Kisha asubuhi moja tukakuta karatasi ya daftari mlangoni, imewekewa jiwe juu. Bibi hakujua kusoma. Akaniambia, "Nisomee, ng'wanawane, labda ni mjomba wako kaandika." Ng'wanawane ndiyo mwanangu, kwa Kisukuma. Nikaanza kusoma kwa sauti ya kujidai, kama nilivyofundishwa, na sikuweza kusimama hata nilipotaka kusimama. Iliandikwa: "Wewe bibi mwenye macho mekundu unayejibiwa na wanaume wasioonekana, hama kabla pamba haijavunwa. Usipohama utahamishwa."

Kwetu kila mtu alijua neno hilo la mwisho lina panga ndani yake. Bibi vizee walishawahi kuhamishwa hivyo katika vijiji vya jirani. Lakini mimi macho yangu yalibaki kwenye wale wanaume. Wale wanaume walikuwa wangu. Niliwatengeneza mwenyewe kisimani, kwa sababu ya ndoo moja ya maji.

Bibi akaikunja ile karatasi ikawa ndogo. Akasema, "Umesoma vizuri," akaenda kukoroga uji.

Tulikuwa na mwalimu wa historia aliyependa sana habari za Marekani, hata kama hazimo kitabuni. Alitusimulia habari za mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, na za mchungaji aliyetembea na maelfu kudai haki mpaka akapigwa risasi. Mimi nilishapanga nikikua niende huko nikamsuke yule mama. Marekani kwangu ilikuwa nchi ya watu waliokwisha kuelewa kila kitu.

Wiki ile ya barua akaja na habari nyingine. Alisema zamani huko Marekani kulikuwa na kijiji ambako wasichana wadogo walianza kusema kuwa kina mama fulani wanawaroga. Wakubwa wakawaamini. Mahakama ikakaa, hakimu akasikiliza ndoto za watoto kama ushahidi, na watu wakanyongwa, wengi wao wanawake.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, Marekani hii hii ya yule mama wa kwenye basi?"

"Hii hii."

Mwalimu akaendelea kwamba mmoja wa wale wasichana, alipokuwa mtu mzima, alisimama kanisani mbele ya watu wote, mchungaji akasoma maneno yake ya kuomba msamaha. "Alifanya vyema," akasema Mwalimu, "ila alichelewa miaka zaidi ya kumi. Waliokufa walikuwa wamekufa."

Nilihesabu kichwani. Pamba ilikuwa bado haijapasuka. Sikuwa nimechelewa.

Jumamosi sungusungu, walinzi wa kijiji, walifanya mkutano wao mbele ya ghala la pamba. Nikanyoosha mkono. Mzee mmoja akasema, "Na huyu kaibiwa nini, mwanasesere?" Watu wakacheka. Mkuu wao akaniambia nikae, watoto hawana kikao pale. Sikukaa.

"Wanaume wanaomjibu Bibi hawapo," nikasema. "Niliwatunga mimi kisimani, nipishwe foleni. Bibi anawasalimia tu wazazi wake, kama bibi zenu."

Jirani yetu, yule aliyefiwa, akasimama. Sijasahau uso wake. Akauliza, "Sasa mwanangu kauawa na nini?" Akakaa chini kwenye vumbi akalia, na kilio hicho najua nina sehemu yangu ndani yake. Mkuu wa sungusungu akatangaza kuwa atakayemgusa bibi yule amemgusa yeye. Pamba ilivunwa, na Bibi akavuna ya kwake.

Lakini kilichonishtua kuliko vyote kilikuja jioni ile ile. Bibi alinisogezea chungu, ukoko umo, mnene kama kawaida. Nikamwambia nimesema mkutanoni. Nikamwambia nilichosema kisimani.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile ile uliyosema. Kisimani hapafichiki kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeogopa kula kwangu."

Siku zote zile, rafiki yangu. Barua ilipokuja, aliniambia nimesoma vizuri akijua maneno yale yametoka kinywani mwa nani, akanikorogea uji.

Bibi alifariki kwa uzee, kitandani kwake, na jirani ndiye aliyemfumba macho. Nyumba imeanguka. Pale palipokuwa na kizingiti, wachimbaji wa dhahabu wamechimba duara, shimo refu lenye kamba, na kisima kimekauka. Watoto wa sasa huchota bombani, ambako hakuna foleni ya kukaa na kusikilizana. Nilisimama pale mwaka jana nikijaribu kuwasalimia wote kwa majina, yeye na wazazi wake, nikakuta majina ya wazazi wake siyajui. Kila alfajiri aliyataja. Mimi nilikuwa nimejifunika, nimelala.