Nukta Kwenye Kisima cha Mjerumani

Saa kumi na mbili asubuhi ndoo zimeshajipanga. Wenyewe hawapo. Wamerudi nyumbani kuwasha moto na kuwaamsha watoto, wakijua kwamba Paulina Matonya hataruka zamu ya mtu. Ndoo ya bluu isiyo na mpini ni ya bibi mmoja wa ng'ambo ya reli. Hiyo Paulina huijaza kwanza kwenye pampu bila kumuuliza mtu, maana bibi huyo hutembea polepole, na maji yakichelewa uji nao unachelewa. Hakuna anayelalamika.

Ndoo zikipungua, Paulina anachukua kipande cha gunia na konzi ya mchanga, anapiga magoti na kusugua sakafu inayozunguka kisima huku akiimba wimbo wa kwaya. Wiki tano zilizopita aliisugua hivyo hivyo, akilia.

Paulina ana miaka hamsini na mmoja. Ni mtunza kisima katika mtaa ulio nje kidogo ya Zuzu, magharibi ya Dodoma. Ndoo moja hapa ni shilingi hamsini. Kwa wauza maji wa mikokoteni, kiangazi kikikolea, ndoo hiyo hiyo hufika mia tano. Kamati ya maji humlipa elfu sabini kwa mwezi, na kwa fedha hizo anamsomesha mjukuu.

Kisima chenyewe kinaitwa Kisima cha Mjerumani. Kituo cha bodaboda kilicho jirani nacho kinaitwa Mjerumani, na duka la vifaa vya ujenzi la Faridi, lililo ng'ambo ya barabara, lina bango la rangi nyekundu: "Mjerumani, Imara Tangu Enzi." Ukiuliza Mjerumani gani, utaoneshwa maandishi yaliyochorwa kwenye ukingo wa zege: MJERMANI 14. Kumi na nne, utaambiwa, ndio mwaka ule vita vilipoanza, Wajerumani wakachimbia mali zao ardhini na kukimbia.

Mali hizo ndizo zilizoleta balaa.

"Nilipoolewa Kibaigwa, hiki kilikuwa kisima tu," anasema Paulina. "Nikarudi mjane, miaka sita iliyopita, nikakuta kimekuwa mgodi."

Watafuta mali walikuja na vyombo vinavyolia penye chuma, wengine na waganga. Walichimba shimo la kwanza upande wa reli, wakakosa. Wakachimba la pili. Mganga mmoja akatangaza kwamba atakayegusa yale maandishi mkono wake utakauka. Tangu hapo hakuna aliyeyagusa, hata Paulina. Alisugua sakafu na ukingo wote, akaacha kipande kile. Matope na kinyesi cha ng'ombe vikagandamana humo mwaka hadi mwaka.

Marehemu mama yake aliwahi kumwambia kwamba kisima hiki kilichimbwa na baba yake, mzee Matonya, aliyefariki Paulina akiwa na miaka mitatu. Siku moja Paulina akawaambia vijana wa bodaboda. Wakaangua kicheko.

"Kwa hiyo mama na wewe ni chotara?" mmoja akauliza. "Mbona huo Ujerumani haujafika usoni?"

"Umeishia miguuni," akadakia mwingine. "Muone anavyotembea kijeshi."

Paulina alicheka nao. "Ni watoto wazuri, hunibebea madumu bila kudai kitu," anasema. "Lakini nikifika nyumbani, kicheko kilikuwa kinaisha."

Mwezi Septemba shimo la tatu lilifika penyewe. Watafuta mali walichimba wakatokea kwenye ukuta wa kisima. Mawe matatu yakaporomokea ndani, maji yakawa mekundu kwa tope, na ukingo ukapata ufa wa kuingiza kidole.

Mwenyekiti wa mtaa, Nathanaeli, aliitisha mkutano. Si mtu wa maneno mengi. "Tukiziba mashimo leo, kesho watachimba mengine," alisema. "Maadamu wanaamini kuna sanduku la mali, hawataacha. Siwezi kumzika mtoto wa mtu kwa sababu ya sanduku ambalo hakuna aliyeliona." Ikaamuliwa kisima kifukiwe siku ya Ijumaa. Faridi alijitolea lori na kifusi bila malipo, akawa anaangalia chini alipokuwa akisema hivyo.

Paulina hakubisha. Angebisha kwa lipi? Alikuwa anapoteza kazi, na mtaa ulikuwa unapoteza maji. Na kama maneno ya mama yake yalikuwa kweli, alikuwa anapoteza kitu pekee ambacho baba yake alikiacha juu ya ardhi.

Alhamisi mchana alichukua gunia na mchanga kama kawaida. "Nikasema, hata maiti huoshwa kabla ya kuzikwa. Nikakiosha chote. Nilipofika kwenye maandishi nikasimama. Nikauangalia mkono wangu. Nikauambia, ukikauka, kaukia hapa hapa."

Alisugua. Uchafu ulikuwa mgumu kama jiwe, akautoa kwa kijiti. Na kati ya herufi ya kwanza na ya pili, mahali ambapo siku zote palionekana pamejaa, kikatokea kitundu cha duara, kikubwa kama shilingi, chenye meno meno pembeni. Akamwagia maji. Juu ya ile "moja" nayo ukaonekana mstari mwembamba uliolala, umemegeka nusu. Haikuwa moja. Ilikuwa saba.

M. JERMANI 74.

"Babu yangu mzaa baba alibatizwa Jermani," anasema Paulina. "Nilijua hilo tangu utotoni. Baba alikuwa Matonya Jermani. Lakini mimi najiita Paulina Matonya, nikaishia hapo, sikuwahi kulifikisha jina kwa babu. Macho yakishaambiwa yaone nini, hayaoni kingine."

Ijumaa asubuhi lori lilipofika, lilimkuta amekaa juu ya ukingo.

"Mama Paulina, shikamoo," Faridi alisema akishuka. "Tafadhali usinifanyie hivi. Na mimi naumia."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uangalie hapa, halafu ufanye kazi yako."

Faridi aliinama. Akapitisha kidole ndani ya kile kitundu, akakizungusha mara mbili. Kisha akavuka barabara, akarudi na kizibo cha soda. Akakiweka kwenye kitundu, kila jino likaingia mahali pake.

"Mjerumani gani huyu," akauliza taratibu, "alikuwa anakunywa soda mwaka kumi na nne?"

Vijana wa bodaboda wakasogea. Mmoja akasema kizibo si ushahidi, mtu yeyote angeweza kukibandika. Mwenyekiti Nathanaeli naye alisitasita. Lori lilikuwa linanguruma, kifusi juu, na watu walikuwa wamesimama na ndoo tupu wakingoja kuambiwa maisha yao yataendaje. Ndipo mtu akasema: tumuulize mzee Bartolomayo.

Mzee Bartolomayo ana miaka themanini na minne, na sikio moja tu linalofanya kazi. Walimkuta mlangoni kwake anabangua karanga kwenye ungo.

"Mbukwa, babu," Paulina alimwamkia kwa Kigogo, kisha akauliza kwa sauti kubwa: "Kisima kile nani alikichimba?"

"Mjermani," alijibu mzee bila kuinua kichwa.

Watu wakaguna. Nathanaeli akashusha pumzi. Faridi peke yake ndiye aliyeinama karibu na lile sikio zima. "Babu, Mjerumani mzungu?"

Mzee aliacha karanga. Akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mwenye akili kati yao.

"Mzungu wa wapi? M. Jermani. Matonya. Tulichimba wanne, mimi nikiwa mmoja. Mzungu angechimbia nini huku, kwenye jua lote hili?"

"Sasa babu, miaka yote hii tunasema Kisima cha Mjerumani, mbona hukutuambia?"

"Mbona mlikuwa mnasema sawa!" mzee alifoka. "Nilifurahi. Nikasema, vijana hawa wana shukrani, wanamtaja Matonya kila siku. Mpaka pikipiki mmezipa jina lake."

Kicheko kilichozuka pale, wanasema, kilisikika hadi barabarani. Paulina hakucheka. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, karibu na miguu ya mzee.

Kwa miaka zaidi ya arobaini watu wa mtaa mmoja walitamka jina lile lile kila siku, wengine wakimaanisha mgeni aliyekimbia, na mzee mmoja akimaanisha rafiki yake.

Mzee aliwasimulia. Mwaka ule, wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walikuwa wamehamishiwa hapo kwa wingi na maji hayakuwepo. Matonya alikuwa akisoma darasa la watu wazima jioni, na wiki hiyo mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba ukifupisha jina, unaweka nukta. Maji yalipotoka, bwana maendeleo aliwaletea wachimbaji soda, moja kwa kila mtu. Zege la ukingo lilikuwa bado bichi. Matonya akaandika jina lake kwa kijiti, jina la ukoo likiwa kamili, lake akalifupisha. Nukta haikuonekana vizuri. Akachukua kizibo cha soda yake, akakikandamiza hapo.

"Aliringa na ile nukta kuliko maji," mzee alisema. "Soda yenyewe akanywa nusu. Mama yako alikuwa na mimba kubwa, hajapata kuonja soda. Akaondoka nayo kwa miguu hadi nyumbani. Na kizibo kilikuwa kwenye zege, basi njia nzima ameziba chupa kwa kidole gumba, sisi tunamcheka."

Mimba ile ndiye Paulina.

"Mama aliniambia habari za kisima," anasema Paulina. "Habari za soda hakuniambia. Labda aliona ni jambo dogo."

Mchana ule ule Nathanaeli alifuta uamuzi. Kifusi cha Faridi kilitumika kuziba mashimo matatu ya watafuta mali, na vijana wa bodaboda, wale wale wa chotara, walishindilia kwa miguu mpaka jua likazama. Hakuna aliyewatuma. Mmoja alimfuata Paulina pembeni akasema, "Mama, tulikukosea." Akamjibu, "Shika koleo, mwanangu, msamaha utakukuta hapo."

Wiki iliyofuata watafuta mali walirudi na chombo chao. Wakaoneshwa mwaka, wakaoneshwa nukta, wakapelekwa kwa mzee Bartolomayo, aliyewapigia hesabu ya mali zote za Matonya: mbuzi wanne, jembe moja na deni la kanisa. Waliondoka kabla ya chai. Hawajaonekana tena.

Faridi hajafuta bango lake. Ameongeza nukta tu, na neno "Enzi" amelipaka rangi, akaandika 1974. Wateja wakimtania kwamba amepoteza Uzungu, anawajibu kwamba saruji yake ni ile ile.

Maji yalikaa siku tisa bila kuchotwa hadi tope likatulia. Siku ya kumi Paulina alikinga kikombe kwenye bomba la pampu, akakiinua kwenye mwanga, akanywa, akangoja, kisha akawaita wenye ndoo. Anasema usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu Septemba.

Mawe matatu bado hayajarudishwa mahali pake. Kabla ya mvua, kamati itaondoa pampu, ishushe fundi akajenge upya ukuta na kuongeza kina. Paulina ameomba jambo moja. Anataka fundi akipanda, yeye ashushwe.

Wajumbe walishtuka. Mwanamke wa umri wake, kwa kamba? Nathanaeli alimuuliza anakwenda kutafuta nini kule chini.

"Sikumbuki sura ya baba yangu," Paulina aliwaambia. "Picha hakuna. Lakini mzee Bartolomayo anasema mawe yote, kuanzia chini hadi kifuani mwa mtu, aliyapanga yeye, moja baada ya moja. Nataka niweke mkono pale alipoweka."

Faridi, aliyekuwepo kikaoni, akasema kamba anayo mpya, ya kubeba hata ng'ombe, na ataishika mwenyewe.